Valérie André: Daktari Kwanza, Rubani Baadaye

Ndugu zangu, kila nikialikwa kumzungumzia Valérie André, hutambulishwa kama "mwanamke wa helikopta". Nimelikataa hilo mara nyingi na leo nalikataa tena. Huyu alikuwa daktari. Helikopta aliifuata kwa ajili ya majeruhi.

Alizaliwa Strasbourg mwaka 1922, akasomea udaktari, akapelekwa na jeshi la Ufaransa Indochina, yaani Vietnam na majirani zake, enzi hizo koloni la Wafaransa. Kule Saigon alisaidia kupasua watu waliopigwa risasi za kichwa. Sasa fikirini: askari kaumia msituni, barabara imekatwa na adui, mnambeba kwa machela mpaka wapi? Mwaka 1950 André akaona helikopta ikifanyiwa maonyesho Saigon. Akarudi Ufaransa kujifunza kuirusha.

Ilikuwa aina ya Hiller, ndogo sana. Majeruhi walilazwa kwenye machela mbili zilizofungwa nje, moja kila upande. Injini haikuwa na nguvu, na penye joto helikopta hunyanyuka kwa shida zaidi, kwa hiyo mwili mdogo wa André ulikuwa faida.

Desemba 1951, Tu Vu, kaskazini mwa Vietnam, kando ya mto Da, ngome ya Wafaransa imeshambuliwa usiku. Helikopta iliyopatikana iko Saigon, kusini kabisa. Ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa kwenye ndege ya mizigo hadi Hanoi, ikaungwa upya. André akaruka nayo kwenye ukungu huku akipigwa risasi. Akatua. Na hapa ndipo wasimuliaji wengi wanaponiudhi, maana wakishasema "akatua" wamemaliza! Kazi ndiyo kwanza inaanza. Machela ni mbili tu. Nani atangulie? Akawapima majeruhi, akawapasua palepale wale wasioweza kungoja, kisha akaanza kuwabeba wawili wawili kwenda Hanoi. Rubani mwingine hodari angeweza kufika. Lakini kujua kwamba huyu anayepiga kelele anaweza kusubiri, na yule aliyenyamaza ndiye anayekufa, hiyo ni elimu ya daktari.

Najua kuna mtu ataniambia: ile ilikuwa vita ya wakoloni, unamsifia nini? Vita ile siitetei hata kidogo. Wavietnamu walikuwa wanapigania nchi yao. Ila waliokuwa wakiilinda Tu Vu ni askari wa Morocco, Waafrika waliotumwa kufa kwenye ugomvi usiowahusu. Mnataka nilaani mkono uliowafunga majeraha? Walaaniwe waliowatuma.

Naona mwenyekiti ananionyesha saa, basi nikimbie. Mara mbili aliruka kwa mwavuli kwenda kutibu watu pasipotulika. Kwa helikopta, safari 129 Indochina, majeruhi 165. Baadaye Algeria, safari nyingine nyingi, na hiyo nayo vita yenye maswali yake. Mwaka 1976 akawa mwanamke wa kwanza kuwa jenerali katika jeshi la Ufaransa, tena kwa upande wa tiba, sikieni hapo. Alifariki Januari 2025, ana miaka 102. Kazi yake ya kuwatetea wanawake jeshini sikuigusa kabisa. Anayetaka aniulize sasa hivi, wakati wa maswali.