Teki Zilizobaki: Elvis Akiwa Bado Anatafuta

Habari za jioni jamani, karibuni, nyie mliosimama huko nyuma huku mbele bado kuna viti. Leo sijaja na slaidi, nimekuja na spika na nyimbo chache tu maana hii mada haielezeki bila kusikia, kwahiyo fundi mitambo nikikunyooshea mkono unabonyeza, tutaelewana.

Nianze na neno lenyewe, teki. Bendi inaingia studio, tepu inazunguka, wanapiga wimbo toka mwanzo mpaka mwisho, hiyo teki moja. Haijakaa sawa wanarudia, teki ya pili. Mwishoni inachaguliwa moja, ndo inaenda kwenye santuri, inaenda redioni, dunia nzima inaijua, zile zingine zinabaki kwenye boksi. Mimi leo nazungumzia za kwenye boksi, na nazungumzia za Elvis Presley, yule muimbaji wa rock and roll wa Marekani, kwanza kwasababu nimeishi nazo miaka mingi, pili kwasababu kuna neno linasemwa juu yake ambalo linaniuma. Wanasema alikuwa sura na sauti tu, kwamba kila kitu alipangiwa na wakubwa, yeye kazi yake kusimama mbele ya maiki aimbe. Ukizisikiliza teki zilizobaki hayo maneno hayasimami.

Twende Memphis, 706 Union Avenue, tarehe 5 Julai 1954. Kachumba kadogo, studio ya Sam Phillips, lebo yake inaitwa Sun. Ndani wapo watu watatu tu: Elvis, miaka kumi na tisa, ana gitaa la kupigia mdundo, Scotty Moore gitaa la umeme, Bill Black besi ile kubwa ya kusimama. Hakuna ngoma, sikilizeni vizuri, hakuna ngoma kabisa, ule mdundo mnaousikia ni Bill anazichapa nyuzi za besi kwa kiganja. Jioni ile walianza na nyimbo za taratibu, za mapenzi, Harbor Lights, I Love You Because, na ukweli ni kwamba zilikuwa hazina moto. Teki zake zipo, unaweza kusikia kijana anaimba vizuri lakini anaimba kama anavyodhani muimbaji anatakiwa aimbe. Halafu wakapumzika, na kwenye kupumzika ndo Elvis akaanza kurukaruka na wimbo wa blues wa Arthur Crudup, That's All Right, Crudup aliurekodi 1946, Bill akaingia, Scotty akaingia, Sam akatoa kichwa mlangoni akauliza mnafanya nini humo, wakasema hata wenyewe hatujui, akawaambia basi tafuteni pa kuanzia mrudie.

Hii stori wengi mnaijua. Mimi nataka mkae na siku zilizofuata, maana walihitaji wimbo wa upande wa pili wa santuri, na hapo ndo kuna kitu ambacho kwangu ni dhahabu. Walichukua Blue Moon of Kentucky, wimbo wa Bill Monroe, baba wa bluegrass, ule muziki wa kijijini Marekani wa banjo na fidla, yeye aliuimba kwa mdundo wa tatu-tatu, ule wa kuyumba. Fundi, tuwekee ile ya kwanza.

Mmesikia? Ni polepole, imepoa, Elvis anaining'iniza sauti, karibu iwe blues. Na hapo mwisho, baada ya gitaa kunyamaza, kuna sauti ya mtu mzima inaongea, huyo ni Sam Phillips mwenyewe, amefurahi, anawaambia ni nzuri, ni kitu tofauti, sasa imekaribia kuwa wimbo wa pop. Yani mwenye studio kasharidhika. Mtu mwingine yeyote angefunga gitaa akaenda kula. Lakini ile iliyotoka kwenye santuri tarehe 19 Julai, Sun namba 209, sio hii. Fundi, weka ile ya santuri.

Mnaona inavyokimbia! Mdundo umegeuka umekuwa wa nne-nne, besi inagonga, mwangwi umejaa chumba. Ni wimbo uleule, maneno yaleyale, watu walewale, ila kati ya hizo mbili kuna safari, na bila ile teki ya polepole tusingejua kama safari ilikuwepo, tungedhani walizaliwa wanapiga hivyo.

Na huo mwangwi, kwa faida ya vijana mliozoea kompyuta, Sam aliupata kwa mashine mbili za tepu, sauti inapita kwenye ya pili inachelewa kidogo sana halafu inarudi kuchanganywa na ile ya kwanza. Basi. Na kila kitu kiliingia kwenye njia moja tu ya sauti, mono, kwahiyo huwezi kusema gitaa tutalirekebisha kesho, Scotty akikosea mwishoni wote mnaanza upya. Ndo maana kila teki ni tukio kamili, ni dakika mbili za maisha ya watu watatu, haziwezi kufanana hata wakitaka.

Ipo nyingine ya Sun nisiiache, I'm Left, You're Right, She's Gone ya 1955. Kwenye santuri ni ya kuchangamka, ya country. Kwenye boksi ipo ya polepole, mashabiki wameizoea kwa jina la My Baby's Gone, ni blues ya usiku wa manane, na teki zake zimebaki kadhaa kwahiyo unawasikia wanaijaribu mara baada ya mara. Mimi naipenda hiyo ya polepole kuliko iliyotoka, na nitasimama na hilo mbele ya mtu yeyote.

Sasa lipo la kusikitisha. Tepu ilikuwa ghali na Sam hakuwa na hela, kwahiyo alikuwa anafuta anarekodi juu yake. Novemba 1955 akauza mkataba wa Elvis kwa RCA, kampuni ya santuri, kwa dola 35,000, tepu zikaenda pamoja nao, ila tulichonacho ni sehemu ndogo tu ya yaliyopita mle chumbani. Nikiifikiria naumia, nawaambia ukweli.

Na RCA wenyewe, kampuni kubwa yenye hela, hawakutunza vizuri zaidi. Tarehe 2 Julai 1956, New York. Usiku wa kuamkia siku ile Elvis alikuwa kwenye televisheni, kipindi cha Steve Allen, wamemvisha suti yenye mkia wamemsimamisha amuimbie mbwa aliyevalishwa kofia, Hound Dog, watu wacheke. Kesho yake akaingia studio kuurekodi wimbo huohuo. Teki thelathini na moja, kwa wimbo mmoja! Steve Sholes wa RCA ndo bosi kwa karatasi, lakini aliyekuwa anasema tena, turudie, tena, ni yule kijana wa miaka ishirini na moja. Mpiga picha Alfred Wertheimer alikuwepo, picha zake zipo, unamuona Elvis ameinama anasikiliza kile walichorekodi, uso wote umekunjwa, ni mtu yuko kazini. Siku hiyohiyo wakafanya Don't Be Cruel, teki ishirini na nane. Ukiisikia Hound Dog leo ile hasira iliyomo sio ya bahati, ni ya mtu aliyekataa mara thelathini. Na hizo thelathini zingine hatujawahi kuzisikia. Tumebaki na vipande vya mapema mwaka huo, kama Lawdy Miss Clawdy ya Februari, mle unasikia wanavyoanza, wanakatika, wanaongea, wanaanza tena, na piano ya Shorty Long inazidi kupata njia kila teki.

1958, ameshaingia jeshini, akapewa likizo, Juni akapita studio Nashville. Huko wakapiga Ain't That Loving You Baby kwa mwendo wa wastani, halafu wakaujaribu kwa mbio. Ya wastani ilitoka 1964, ya mbio ikakaa kwenye boksi mpaka 1985. Miaka ishirini na saba! Fundi, tuisikie kidogo. Hapo Hank Garland yuko kwenye gitaa, moto mtupu, na kwanini waliiacha mimi sielewi mpaka leo.

Sasa isiwe kama kila kilichoachwa ni bora, hapana. Can't Help Falling in Love, Machi 1961, Hollywood, iliyochaguliwa ni teki ya ishirini na tisa, na ukisikia za kabla yake unakubali kwamba alikuwa sahihi kuendelea, ule utulivu haukuwepo bado. Na kuna siku kukosea kwenyewe kuliokolewa. Aprili 1960, Nashville, kama saa kumi alfajiri, Are You Lonesome Tonight, akaomba taa zizimwe zote, anaimba gizani. Mwishoni mtu akagonga kitu kwenye lile giza, Elvis akasema uacheni huu wimbo, siuwezi. Sholes akamwambia fundi Bill Porter usizime mashine, akambembeleza Elvis arudie mwisho tu, wakaunganisha. Ule wimbo ulifika namba moja Marekani na yeye alishautupa.

Suspicious Minds ya 1969 nitaigusa tu, hapo teknolojia imeshabadilika, tarumbeta na violini viliongezwa baadaye juu ya teki ya nane, ila tafuteni ile ambayo haijaongezwa kitu, msikie bendi ya American Sound, studio ya Memphis, ikiwa peke yake na yeye.

Kwa mnaotaka kuanza, 1999 ilitoka Sunrise, CD mbili, ya kwanza zile za santuri, ya pili za kwenye boksi, kwahiyo unaweza kulinganisha mwenyewe. Mdenmark mmoja, Ernst Jorgensen, ametumia miongo kadhaa kuzifukua hizi tepu, na toka mwaka huohuo kuna lebo ya Follow That Dream inayotoa sesheni kwa wakusanyaji, wakati mwingine teki kumi za wimbo mmoja mfululizo. Usizisikilize huku unaosha vyombo. Kaa, zima simu, sikiliza pale anaposimamisha bendi.

Haya, maswali. Ila fundi, kabla ya maswali turudishie ile ya kwanza, Blue Moon ya polepole, uiache mpaka Sam aongee.