Budapest ya Canterbury

Shikamooni wazee wangu. Vijana, habari za jioni.

Hii niliyoshika ni kamera ya Bolex, ya filamu ya milimita 16. Haina betri. Naomba ukimya kidogo msikie.

(Anazungusha ufunguo wa kamera, anabonyeza.)

Huo mlio ni springi. Ukiijaza mpaka mwisho inakupa chini ya nusu dakika, kisha inasimama, hata kama mwigizaji yuko katikati ya kilio. Mkanda wa futi 100 nao unakwisha kwa dakika tatu kasoro. Baada ya Vita Kuu ya Pili, kamera za aina hii ndizo walizojifunzia vijana wengi wa Uingereza.

Canterbury, mji wa kusini-mashariki mwa nchi hiyo, kulikuwa na kikundi cha maigizo cha wasiolipwa, Playcraft. Kijana Peter Watkins alifika mjini akiwa jeshini kwa mujibu wa sheria, akajiunga nao. Mwaka 1961 wakatoa The Forgotten Faces, filamu fupi juu ya wananchi wa Hungaria walioinuka dhidi ya utawala wa kikomunisti mwaka 1956. Hungaria hawakwenda. Mitaa ya Canterbury ndiyo iliyokuwa Budapest, mji mkuu wa Hungaria.

Hapa naomba nikae kidogo, maana ndipo ninapompendea. Hawakuwa na uwezo wa kujenga Budapest, basi kamera ikasogea usoni. Ikabebwa mkononi, ikaingia katikati ya watu: uso unajaa picha, jicho linakutana na lenzi, bega la mtu linapita na kuziba kila kitu. Wengi wetu tungevikata vipande hivyo tukisema vimeharibika. Yeye alivitaka, kwa sababu ndivyo zinavyotoka picha za mtu anayepiga habari huku anakimbia risasi.

Baadaye BBC ikamwajiri. Mwaka 1965 akatengeneza The War Game, juu ya shambulio la nyuklia huko Kent, mkoa uleule wa Canterbury, akitumia raia wa kawaida. BBC ikakataa kuirusha. Ikapata Oscar mwaka 1967, lakini kwenye televisheni ya BBC ilionyeshwa 1985. Miaka ishirini! Hilo bado linaniuma.

Sasa vijana, sogeeni mbele. Nimeweka mkanda mmoja tu. Kila mmoja atajaza springi mwenyewe, na kabla hajabonyeza atanieleza anampiga picha nani, na kwa nini amesimama pale aliposimama.