Hesabu Pumzi Dakika Nzima

BARAKA: Karibuni tena, tuko hapa Goma. Yaya Neema, jana uliniambia habari ya mama aliyeleta mtoto kwenye kituo chenu cha afya. Mashine ya kidole, ile inayopima oksijeni kwenye damu, ikaonyesha asilimia 96, namba nzuri, nawe ukakataa arudi nyumbani mikono mitupu. Kwa nini?

NEEMA: Kwa sababu nilimvua mtoto shati, Baraka. Ana miezi 8. Nikatazama kifua chake dakika nzima, nikapata pumzi 58. Kuanzia miezi 2 hadi 11, ukifika 50 ni mbio tayari, dalili ya nimonia. Mwaka 1 hadi miaka 5, ni 40. Kichanga ambaye hajatimiza miezi 2, ni 60.

BARAKA: Basi ile 96 ilidanganya?

NEEMA: Haikudanganya. Damu ilikuwa bado na oksijeni, ila mtoto aliitafuta kwa jasho. Akichoka ndipo namba inashuka, na hapo tumechelewa.

BARAKA: Na akilia, unahesabuje?

NEEMA: Sihesabu. Mama anampakata, tunangoja atulie. Akinyonya pia nangoja. Kuna wenzangu wanahesabu sekunde 15 halafu wanazidisha mara 4. Jamani, tuache! Pumzi ya mtoto haiendi sawasawa; ukikosea 2, umekosea 8. Na utazame chini ya mbavu: akivuta hewa pale pakabonyea ndani, hali ni nzito.

BARAKA: Hapa tuko juu, karibu mita 1,500. Si ndiyo inashusha namba?

NEEMA: Kidogo tu. Mtu akisoma 88 usisingizie mlima, mpe oksijeni.

BARAKA: Mimi makala ya jiko yananisumbua. Mvua ikinyesha usiku, tunaingiza jiko ndani, tunafunga mlango.

NEEMA: Hapo mashine inakudanganya kabisa. Makala yakiungua yanatoa gesi ya monoksidi ya kaboni, haina harufu, nayo inang'ang'ania hemoglobini, ile sehemu ya damu inayobeba oksijeni, kuliko oksijeni yenyewe. Mashine inapitisha mwanga kwenye kidole na kusoma rangi ya damu. Hizo mbili haizitofautishi. Inaandika 98 na mtu anakufa. Kwa hiyo mtu akiletwa asubuhi na kichwa kinamuuma, anatapika, mimi nauliza kwanza: jiko lililala wapi? Mazuku, ile hewa mbaya ya volkano inayotuama mabondeni, tunayaogopa sote, watoto tunawakataza mabonde yale. Hii ya ndani ya nyumba inaniumiza zaidi, maana tunaiwasha kwa mikono yetu.

BARAKA: Mama anayetusikiliza sasa, mtoto anakohoa?

NEEMA: Mvue nguo, tazama saa ya simu, hesabu pumzi dakika 1. Kama hanyonyi, midomo imebadilika rangi, au mbavu zinabonyea, nenda usiku huohuo.

BARAKA: Na yule wa miezi 8?

NEEMA: Alipewa amoksisilini, dawa ya nimonia, ya siku 5. Siku ya 3 mama akamrudisha, kabla sijagusa mtoto akaniambia, "Muganga, ni 38. Nimehesabu mara mbili." Nikahesabu na mimi. Ilikuwa 38.