Damu Inakutana na Ganda Kwanza

Wanaonifahamu hapa Dar es Salaam wanajua nitaanzia wapi: kwenye ganda. Chembe ya nano ya oksaidi ya chuma, ndogo mno kuonekana kwa jicho, ikiingia mshipani, damu haikutani na sumaku iliyo ndani yake. Inakutana na polima iliyoifunika, yaani molekuli ndefu kama nyuzi: hilo ndilo ganda.

Angalieni chupa hizi mbili. Chembe ni zile zile. Hii ina maji safi ya maabara, na rangi ya kahawia imeenea sawasawa. Hii nyingine ina maji ya chumvi ya dripu, asilimia 0.9. Mnaona? Vipunje vimeanza kushikana, matope meusi yanatuama chini, maji ya juu yanaangaza. Ganda lilitegemea chaji ya umeme pekee kuzitenganisha chembe, na chumvi imeizima chaji hiyo. Na hapo damu yenyewe hatujaigusa! Halafu mwanafunzi ananiletea jedwali zuri, ameandika "salama", kumbe ukubwa wa chembe kaupima kwenye maji ya maabara tu. Siupokei. Nataka kipimo cha ndani ya seramu, yale majimaji ya damu yasiyo na seli, leo na kesho yake. Protini za damu hulivamia ganda mara moja, na makrofaji, seli zinazomeza vitu vigeni, za ini na wengu huitambua chembe kwa protini hizo.

Mtu ataniambia, "Mwalimu, chuma si kimo mwilini tayari?" Kimo, gramu 3 hadi 4 kwa mtu mzima, lakini kimefungwa ndani ya protini, na kikizidi mwili hauna njia ya kukitoa. Chuma huru kikikutana na haidrojeni peroksaidi huzaa radikali, molekuli kali zinazoharibu seli. Mwingine atasema ganda la deksitrani, polima ya sukari, limezoeleka. Ferumoxytol, dawa ya chembe za oksaidi ya chuma yenye ganda linalotokana na deksitrani, iliidhinishwa Marekani mwaka 2009 kwa wagonjwa wa figo wenye upungufu wa damu. Mwaka 2015 onyo lake likapandishwa hadi kiwango cha juu kabisa, kwa sababu ya mzio uliowaua watu. Na hiyo ni dawa iliyokwisha kuvuka majaribio!

Muda umeniishia. Kitosani, polima ya maganda ya kamba wa baharini: asili yake ya baharini haithibitishi usalama, ipimeni nayo. Mkishaua vijidudu kwa joto, lipimeni ganda upya.

Ila hili lazima niliseme. Tunao wagonjwa wengi wa selimundu. Wengu wa wengi wao umeshakufa, na walioongezewa damu mara nyingi ini lao limejaa chuma. Chembe zenu kwao zitakwenda wapi? Nani kati yenu amelipima hilo?