Mrehani Unataka Mkasi

Asanteni kwa kunikaribisha. Kwanza niulize: nani hapa amewahi kupanda mrehani ukarefuka kama fimbo, ukatoa maua, kisha ukakauka? Naona mikono mingi. Wangu wa kwanza ulikufa hivyo hivyo, na kilichouua ni huruma yangu. Nilikuwa nachuma jani mojamoja la chini, nikiogopa kuuumiza.

Tazameni shina hili. Majani hutoka mawili mawili, yakielekeana, na katika kila kwapa la jani kuna kichipukizi kimelala. Ncha ya juu ikiwapo, vinaendelea kulala. Ukiikata, juu kidogo ya jozi ya majani, vyote viwili vinaamka: shina moja linakuwa mawili, mawili yanakuwa manne. Anzeni mche ukiwa na jozi tatu au nne. Na maua yakichomoza yakateni, kwa sababu mche ukishageukia mbegu, majani mapya huwa madogo na huanza kuwa machungu.

Mengine ni mepesi: jua kwa muda wa saa 6 hivi kila siku, chungu chenye matundu chini, maji udongo wa juu ukikauka. Adui ni baridi. Chini ya nyuzi 10 za Selsiasi majani husawijika, kwa hiyo friji si mahali pake. Simamisheni vishina mlivyovikata kwenye glasi ya maji mezani. Vingine vitatoa mizizi baada ya wiki moja au mbili, basi vipandeni!

Sasa jikoni. Harufu ya mrehani imo kwenye mafuta yanayokaa ndani ya vifuko vidogo mno juu ya jani. Miongoni mwake imo yujenoli, ile ile inayoipa karafuu harufu yake. Mafuta hayo hupaa na mvuke. Ukichemsha mrehani nusu saa kwenye mchuzi wa nyanya, jirani atafaidi kuliko mlaji. Epueni sufuria kwanza, ndipo mchane majani kwa mkono.

Watu wa Genova, Italia, huyatwanga kwenye kinu pamoja na kitunguu saumu, mbegu za msonobari, chumvi, jibini na mafuta ya zeituni. Hiyo ndiyo pesto, nayo haipikwi. Huchanganywa na tambi, na joto la tambi linatosha. (Mimi hupunguza kitunguu saumu, na huwa nachekwa.)

Haya, mkasi huu hapa. Mama wa mbele, anza wewe. Juu ya jozi ya majani, mama, siyo chini yake.