Mji uliojibana bondeni: Ellicott City na maji yake

ZAI: Haya wapendwa karibuni tena, mi dada yenu Zai niko Dar, mdogo wangu Kulwa yuko huko Maryland Marekani anakoishi, na leo kaniahidi atanitembeza kwenye mji ambao mwezi mzima sasa ananitumia picha zake, asubuhi picha, usiku picha. Kulwa.

KULWA: Shikamoo da Zai.

ZAI: Marahaba. Haya tutembeze.

KULWA: Mji unaitwa Ellicott City, uko kama kilomita 20 magharibi ya Baltimore. Ukiuangalia kwenye ramani utaona ni kitongoji tu kama vitongoji vingine vya Marekani, nyumba zimejipanga, barabara pana, sensa ya 2020 ilihesabu watu kama elfu sabini na sita hivi. Lakini hapo sipo ninapokupeleka, nakupeleka mji wa zamani, ule wa chini bondeni, mtaa mmoja tu unaitwa Main Street. Mtaa wenyewe unashuka mlima mpaka unafika Mto Patapsco, na huku na huku majengo ya mawe yamebanana ukutani mwa mlima yani ukisimama nyuma ya duka unaweza kugusa mwamba kwa mkono.

ZAI: Kwa nini mtu aende kujenga mahali pa kubanana hivyo wakati Marekani ardhi imejaa?

KULWA: Ndo swali lililonifanya niupende huo mji. Jibu ni maji. Patapsco ukifika pale unatoka kwenye vilima unashuka kwenda tambarare ya pwani, kuelekea bandari ya Baltimore na ghuba ya Chesapeake, kwa hiyo maji yanateremka kwa nguvu, na enzi hizo maji yanayoteremka ndo ilikuwa injini. Mwaka 1772 wakaja ndugu watatu kutoka Pennsylvania, Joseph, Andrew na John Ellicott, Wakwekeri hao, dhehebu la Kikristo, kwa Kenya wanaitwa Marafiki.

ZAI: Wale wa Kaimosi kule magharibi ya Kenya, nawajua.

KULWA: Dini ndo hiyo hiyo. Sasa hawa wakaona hapa mto una nguvu, wakajenga mashine ya kusaga ngano inayozungushwa na maji. Na cha ajabu ni kwamba ngano yenyewe haikuwepo ya maana! Maryland wakati ule ilikuwa tumbaku, kila mtu tumbaku, tumbaku ilikuwa mpaka hela, watu wanalipia vitu kwa tumbaku. Na tumbaku inakula ardhi, inaichosha, udongo unabaki mtupu unasombwa na mvua unaingia mtoni. Kule chini kidogo kulikuwa na bandari inaitwa Elkridge Landing, meli zilikuwa zinapanda mpaka pale kubeba tumbaku, ikajaa mchanga na tope meli zikashindwa kufika tena.

ZAI: Yani mashamba yaliua bandari yao wenyewe.

KULWA: Kabisa. Ndo akina Ellicott wakawaendea wenye mashamba wakawaambia limeni ngano sisi tutanunua. Mkubwa aliyekubali ni Charles Carroll wa Carrollton, tajiri sana, mmoja wa waliotia saini tangazo la uhuru wa Marekani. Na hapa niseme bila kupindisha, huyo bwana alikuwa na watumwa mamia, kwa hiyo ile ngano iliyoujenga mji, nyingi ilipandwa na kuvunwa na watu waliokuwa hawalipwi chochote. Kwenye vibao vya watalii hilo linaandikwa kwa herufi ndogo sana mi naona, na lilitakiwa liwe la kwanza.

ZAI: Umefanya vizuri kulisema. Na watu weusi wengine wa hapo? Manake ulinitajia mmoja kwenye meseji nikakwambia usinimalizie.

KULWA: Benjamin Banneker. Da Zai, huyu ningeweza kumfanyia kipindi kizima. Alizaliwa 1731, mtu mweusi huru, ng'ambo ya mto tu pale, sehemu inayoitwa Oella. Baba yake alikuwa mtumwa aliyepata uhuru, na mwaka 1737 walinunua shamba la eka 100, walilipa kwa tumbaku hiyo hiyo, na kwenye hati baba akaandikisha jina la Benjamin pia, mtoto wa miaka sita!

ZAI: Baba alijua anachofanya. Ili kesho asije mtu kumwambia mtoto hana haki hapo.

KULWA: Eeh. Huyo kijana akikua, akiwa na miaka ishirini na kitu, akaona saa ya mfukoni, akaisoma jinsi inavyofanya kazi, akachonga saa kubwa ya mbao, meno ya gurudumu moja moja kwa kisu, na ikafanya kazi miaka na miaka. Halafu akina Ellicott walipokuja akajenga urafiki na kijana wao George Ellicott, George akamwazima vitabu vya nyota na vifaa na meza ya kufanyia kazi. Banneker alikuwa keshakaribia sitini, mkulima, usiku anajilaza nje amejifunika koti anatazama nyota, asubuhi ndo analala. Akapiga hesabu za kupatwa kwa jua, 1791 akaenda na Andrew Ellicott mdogo kupima mipaka ya eneo la mji mkuu mpya, hii Washington tunayoijua, na kuanzia toleo la 1792 akawa anachapisha almanaka zake, yani vitabu vya kalenda ya mwaka na mwendo wa jua, mwezi na nyota.

ZAI: Miaka sitini jamani, wengine hapo tunasema tumechoka.

KULWA: Na mwaka huo huo 1791 alimwandikia barua Thomas Jefferson, waziri wa mambo ya nje wakati ule, akamkumbusha maneno yake mwenyewe kwamba watu wote wameumbwa sawa, akamuuliza inakuwaje basi mnawashikilia ndugu zangu utumwani. Alimwandikia kwa heshima lakini bila kuogopa. Jefferson akajibu kwa adabu, watumwa wake akabaki nao. Banneker akafa Oktoba 1806, na siku ya mazishi yake nyumba yake ikaungua, ile saa ya mbao na karatasi zake nyingi vikaenda na moto.

ZAI: Siku ya mazishi!

KULWA: Siku ya mazishi. Leo pale shambani kuna hifadhi na makumbusho na wamejenga nyumba ya magogo kama ile yake. Mi nilipoenda nilisimama mlangoni pale muda mrefu, sikuongea na mtu.

ZAI: Pole Kulwa. Turudi mtoni. Kwenye picha zako kuna jengo la mawe refu na njia ya reli juu juu, lile ni nini?

KULWA: Lile ni stesheni. Da Zai lile ndo jengo la stesheni la zamani kuliko yote yaliyobaki Marekani nzima, lilijengwa 1830 hadi 1831. Ni la kampuni ya reli ya Baltimore na Ohio, na jiwe la kwanza la reli hiyo aliliweka yule yule Carroll tarehe 4 Julai 1828, mzee wa miaka tisini sasa, na kituo cha mwisho cha kipande cha kwanza kikawa hapo kwenye vinu vya Ellicott, maili 13. Mwanzoni mabehewa yalivutwa na farasi. Halafu Agosti 1830 Peter Cooper akaleta kichwa chake kidogo cha treni cha mvuke, Tom Thumb, akaja nacho mpaka hapo na kurudi. Watu wanasimulia kwamba wakati wa kurudi kilishindana na farasi, kikawa kinaongoza, mkanda ukachomoka, farasi akapita. Iwe ilikuwa hivyo au wameongezea chumvi, haikuchukua muda reli ile ikahamia kwenye mvuke moja kwa moja.

ZAI: Na unga ukapata usafiri.

KULWA: Unga, na mawe pia, manake mlima wenyewe ni graniti, unachimba nyuma ya nyumba unajengea mbele. Majengo mengi pale ni mawe ya hapo hapo. Stesheni unaiona ukuta wake umeshikana na tuta la reli, mizigo inashushwa kutoka behewani moja kwa moja ghorofa ya juu. Na treni za mizigo bado zinapita mpaka leo, ukiwa umekaa unakunywa kahawa kikombe kinatikisika.

ZAI: Sasa niambie kuhusu maji. Manake picha nyingine ulizotuma, mi nilidhani ni bwawa.

KULWA: (anavuta pumzi) Haya. Hapa watu wanachanganya, hata wanaoishi jirani, kwa hiyo naomba nieleze taratibu. Ellicott City ina mafuriko ya aina mbili. Ya kwanza yanatoka chini, Patapsco wenyewe unajaa unapanda mtaani. Hayo ndo ya Julai 1868, mto ulipanda ghafla ukasomba vinu na nyumba, watu karibu arobaini wakafa, kuna familia walikuwa wanapanda ghorofa mpaka ghorofa mpaka juu ya paa na paa likaondoka nao. Na 1972 kimbunga Agnes tena. Kule chini kwenye daraja la reli wameweka alama, maji ya mwaka fulani yalifika hapa, mwaka fulani hapa, nilisimama chini ya ile ya 1868 nikanyoosha mkono juu, na mi si mfupi, sikukaribia.

ZAI: Hee. Na aina ya pili?

KULWA: Ya pili yanatoka juu, mgongoni mwa mji. Kuna vijito vitatu, Tiber, Hudson na New Cut, vinashuka kutoka vilimani vinakutana kule kule bondeni vinaingia Patapsco. Na wazee wa zamani kwa sababu hakuna nafasi walijenga maduka juu ya kijito, yani Tiber inapita chini ya sakafu, kwenye mfereji wa mawe. Siku ya kawaida ni kamto ka kuruka tu, mtoto anavuka. Tarehe 30 Julai 2016, Jumamosi usiku, watu wako kwenye migahawa, ikanyesha mvua ya milimita zaidi ya 150, sehemu kubwa ndani ya masaa mawili. Ule mfereji ukashindwa, maji yakachukua njia nyingine, na njia nyingine ni Main Street. Mtaa ukawa mto. Magari yanaelea yanagongana, kuna video ya wanaume wameshikana mikono mnyororo kumtoa mama ndani ya gari, nimeitazama mara nyingi na kila mara nahisi mkono utaachia. Watu wawili walikufa.

ZAI: Na mto mkubwa kule chini ulikuwa umejaa?

KULWA: Hiyo ndo pointi da Zai! Shida haikuwa Patapsco. Watu miaka 150 wanaangalia chini wanasubiri mto upande, maji yakawajia kwa nyuma. Wataalamu wa hali ya hewa wakasema mvua ya hivyo uwezekano wake kwa mwaka ni chini ya moja kwa elfu. Watu wakasafisha tope, wakakopa, wakafungua maduka upya, saa ya mtaa iliyosombwa ikarudishwa kwenye nguzo. Tarehe 27 Mei 2018 ikanyesha nyingine, kubwa zaidi, kama milimita 200. Hata miaka miwili haijafika. Saa ikasombwa tena. Na kijana mmoja mwanajeshi wa akiba alikufa akijaribu kumsaidia mtu.

ZAI: Mungu amrehemu. Sasa hiyo ni mvua tu imebadilika au kuna kitu kimefanywa huko juu?

KULWA: Vyote, na hapo ndo kitongoji kinaingia. Kule juu vilimani, palipokuwa na miti na mashamba, kumejengwa nyumba, maegesho, barabara. Lami hainywi maji. Ni kweli kwa mvua kubwa kama zile hata msitu ungezidiwa, lakini kila paa na kila maegesho yanaharakisha maji kufika kwa mtu wa chini, na aliyejenga juu haoni kitu, kwake maji yameondoka vizuri kabisa. Mi linaniuma hilo. Mji ulisimamishwa na watu waliosoma maji kila siku, wanajua leo yameshuka kiasi gani, halafu wakaja watu ambao maji kwao ni kitu cha kuondoa tu uani.

ZAI: Wamechukua hatua gani sasa?

KULWA: Kaunti ina mpango, wanachimba mabwawa ya kukinga mvua kule juu yaachie maji kidogo kidogo, na handaki kubwa kwenye mwamba, kama kilomita moja na nusu, lichukue maji yapite pembeni ya Main Street yatokee Patapsco. Na baadhi ya majengo ya kule chini yaliyokaa juu ya kijito yakapangwa kuondolewa. Hapo mjadala uliwaka, manake wengine wanasema ukibomoa umeua mji wenyewe, wengine wanasema mtu mmoja akiokoka inatosha. Mi nilianza upande wa majengo, nayapenda sana. Nilipotazama ile video tena nikahama.

ZAI: Ningekuwa nawe hapo. Na mto wenyewe, Patapsco?

KULWA: Huo una habari nzuri. Mabwawa ya viwanda vya zamani yamekuwa yakibomolewa, kubwa lilikuwa Bloede, la mwaka 1907, lilikuwa na mitambo ya umeme ndani ya ukuta wake. Walianza kulibomoa 2018, ili samaki wanaopanda kutoka baharini kuja kutaga wapate njia, baada ya zaidi ya miaka mia. Mwaka huu nilishuka pale. Ukuta haupo, mawe tu na maji yanakimbia, na mzee mmoja na mjukuu wake wamechuchumaa ukingoni wanaangalia majini.

ZAI: Wanatafuta samaki?

KULWA: Wanatafuta samaki. Nikachuchumaa nao.