Kidole Hiki Kimegoma Kupona
Hamjambo wapendwa wangu wa nyumbani. Leo hata poda sijapaka, nimetoka shifti ya usiku sasa hivi, niko ndani ya gari. Hiyo nyeupe kiooni ni theluji.

Ebu oneni kidole hiki. Nilijikata na kifuniko cha kopo la maharage, wiki ya tano inaingia. Sukari nimepima, haina neno. Mama akaniambia kwenye simu, "Mwanangu, hayo mawazo." Nikacheka. Mawazo na kidole wapi na wapi?

Kumbe hapa hapa Columbus, Ohio, ninapobebea maboksi, chuo kikuu cha jimbo kilishalipima jambo hilo. Mwaka 1995 Janice Kiecolt-Glaser na wenzake waliwachukua wanawake 13 wanaouguza ndugu waliopoteza kumbukumbu, na 13 wengine wasiouguza mtu. Kila mmoja akatobolewa kijidonda cha milimita 3.5 mkononi. Wale wauguzaji walichelewa kupona kwa wastani wa siku 9! Mwaka 1998 ikawa zamu ya wanafunzi wa udaktari wa meno: kijidonda kwenye kaakaa wakati wa likizo, kingine mtihani ukikaribia. Kinywa kile kile, lakini cha mtihani kilichukua muda zaidi kwa asilimia 40.

Ni hivi: ukiishi roho juu, mwili unamwaga homoni ya kotisoli, na ikizidi siku nenda rudi, kinga iliyotakiwa kukimbilia kidonda inazubaa.

Sasa kazi yangu mimi? Namwogesha bibi wa watu anayeniita kwa jina la marehemu dada yake. Nikitoka, simu nane: ada, mchango wa harusi, bati za shangazi. Nikisema nimechoka, "Aah, wa Marekani huyo, anaringa."

Lakini tusisingizie mawazo kila kitu, jamani. Vidonda vya tumbo tulivyosema ni mawazo, vingi ni bakteria. Daktari Barry Marshall wa Australia aliwanywa mwenyewe mwaka 1984, ukuta wa tumbo lake ukavimba kwa ndani. Ukiungua tumbo, kapime.

Jumapili nina ofu. Naenda kwa dada mmoja wa Tanga, ameniahidi samaki wa kupaka. Simu inabaki nyumbani, kwa hiyo wa bati, nitafute Jumatatu.